Gh ya ghali, v ya bh: ninavyosoma majina ya milima ya Uskoti

Kwa miezi mitatu ya kwanza hapa Fort William niliamini kwamba kila nikifungua pazia la chumba cha mwisho ghorofani nauona Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote katika kisiwa cha Britania. Hata kwenye simu nilikuwa nawaambia ndugu zangu: nauona nikiwa kazini. Aliyenisahihisha ni bibi wa chumba hicho, ninayemhudumia kazini. Ana karibu miaka tisini, amezaliwa kisiwa cha Lewis, akaolewa huku bara, na Kigaeli ndiyo lugha aliyoanza nayo duniani. Kiingereza alikikuta shuleni. Asubuhi moja ya jua nikamwambia, kwa neno la Kigaeli la mlima, "Bibi, leo beinn yako imejitokeza." Akageuza kichwa polepole kwenye mto, akatazama, akasema: "Ile si beinn, a ghràidh. Ile ni meall."

A ghràidh ni neno la kumwita mtu unayempenda, kama sisi tunavyosema "mpenzi" au "mwanangu". Lakini siku hiyo masikio yangu hayakunasa upendo, yalinasa herufi. Alitamka gh. Gh kamili, ya ghali, ya ghafla, ya ghorofa. Nilikuwa sijaisikia tangu nifike nchi hii.

Zamu ilipoisha nikaenda kutazama ramani iliyobandikwa ukutani kwenye korido. Kweli. Kilima kinachoukabili mji ni Meall an t-Suidhe, mita 711, na Ben Nevis wenye mita 1,345 umejificha nyuma yake. Meall ni donge, kilima cha mviringo kisicho na ncha. Suidhe ni kuketi, au mahali pa kuketi. Donge la Kiti. Ukikitazama ukiwa umeshajua hilo, huwezi tena kukiona vingine: kimeketi mbele ya mkubwa wake, mabega yameshuka, hakina haraka.

Tangu siku hiyo, na sasa naingia mwaka wa pili, siku zangu za mapumziko zimekuwa za ramani, buti na daftari. Nikirudi, napanda ghorofani na maswali.

Wageni wengi wanaokuja kupanda milima huku huyaogopa majina haya. Wanakutana na Sgùrr a' Mhàim, wanakutana na Stob Coire a' Chàirn, wanaishia kusema "ule wa pili kutoka kushoto". Nawaandikia nyinyi wasomaji wa Kiswahili kwa sababu sisi tumekwisha pewa nusu ya kazi. Ile dh au gh iliyofuatwa na a, o au u ni gh yetu. Ile ch ya loch, yaani ziwa, ambayo watu wengi wa Uingereza huigeuza kuwa k, ni kh ya wale wazee wetu wanaosema kheri na Khamisi bila kuilainisha. Bh na mh husomeka v. Th na sh husomeka h. Fh haisomeki kabisa, ni kama haipo: Càrn an Fhìdhleir, Lundo la Mpiga Fidla, neno lake la mwisho linaanza na i. Zikikaa kichwani hizo, ramani inaanza kutoa sauti.

Halafu kuna jambo lililonifanya niweke kalamu chini nikacheka peke yangu jikoni. Kwenye ramani kuna Meall Mòr na kuna Beinn Mhòr. Mòr ni kubwa. Kwa nini hapa ni mòr na pale ni mhòr, inayosomeka "vor"? Kwa sababu meall ni neno la kiume na beinn ni la kike, na kivumishi hubadilika mwanzo wake kufuata nomino yake. Vitabu vya kujifunzia Kigaeli hulieleza jambo hili kwa upole mwingi, kama mtu anayempa mgonjwa habari nzito, maana Mwingereza amezoea neno libadilike mkiani. Sisi? Mlima mkubwa, kilima kikubwa, milima mikubwa. Tumekuwa tukibadilisha vichwa vya maneno tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Nilipomweleza bibi kwamba lugha yangu nayo hufanya hivyo, alinitaka niseme "mlima mkubwa, kilima kikubwa" mara tatu, akifuata kwa midomo.

Ukishaijua hiyo v unaanza kuona maneno yaliyojificha ndani ya tahajia za Kiingereza. Juu ya mji wa Pitlochry kuna mlima unaoandikwa Ben Vrackie, mita 841. Kwa maandishi hayo haukuambii kitu. Irudishe v mahali pake, bh, unapata breac: -enye madoadoa. Ni mlima wenye mabaka ya mawe meupe katikati ya vichaka vyeusi, na jina linasema hivyo hivyo. Samaki wa mito ya huku aina ya trauti naye anaitwa breac, kwa madoa yake. Na ndui, ule ugonjwa ulioacha mashimo kwenye nyuso za watu, uliitwa a' bhreac. Neno moja limebeba mlima, samaki na maradhi, na mtu aliyekua nalo akiutazama mlima ule ana picha zote tatu tayari.

Kiswahili kina mlima na kilima, na mwamba, na genge, na tukitaka zaidi tunaongeza maelezo. Kigaeli kimeligawa jambo hili vipande vidogo vidogo, na kila kipande kina kazi. Sgùrr ni kilele chenye ncha za mawe. Ukiliona jina hilo jua kuna mahali utapanda kwa mikono. Stob ni kama kigingi, kitu kilichochomekwa ardhini. Càrn ni lundo la mawe, na kwa kweli vifundo vya miguu ndivyo hutoa ushahidi wa kwanza. Druim ni mgongo. Creag ni jabali. Cnoc na tom ni vilima vidogo vya karibu na makazi, vya kuchungia mbuzi. Na meall, donge letu, ambalo wageni hulidharau kwa kuwa halipigi picha nzuri, mimi ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Sgùrr hata katika ukungu ina ukingo wa kukuongoza. Meall haina. Ni duara kila upande, na wingu likikaa juu yake mteremko wa kurudi nyumbani unafanana kabisa na mteremko wa kupotea. Jina limeshakuonya kwamba mahali hapa hapana kona. Toa dira mapema.

Kuhusu Ben Nevis wenyewe kuna maelezo mawili yanayozunguka. Wengine hulihusisha Nibheis na neimh, sumu au ukali. Wengine na nèamh, mbingu, pamoja na bathais, paji la uso: mlima wenye paji la uso mbinguni. Mimi sichagui. Nibheis ni jina la mto na bonde pia, na majina ya mito mara nyingi ni makongwe kuliko lugha ya watu wanaoyatamka.

Sasa mwili. Hapa ndipo Kigaeli na Kiswahili vinapeana mikono kabisa, maana sisi nasi tuna mdomo wa mto na bega la mlima. Ceann ni kichwa. Gualann ni bega. Cìoch ni ziwa la mama, na huko Knoydart kuna Sgùrr na Cìche, mita 1,040, ambao ukiuona kwa mbali huulizi kwa nini. Sròn ni pua, yaani mwisho wa mgongo wa mlima unapochomoza kuelekea bondeni. Na pua moja imefika mbali kuliko zote. Kuna kijiji magharibi ya hapa kinachoitwa Sròn an t-Sìthein, Pua ya Kilima cha Majini. Waingereza wakakiandika Strontian. Palikuwa na machimbo ya risasi pale, na kutoka machimbo hayo mwishoni mwa karne ya 18 likatambuliwa jiwe lenye kitu kipya ndani yake. Mwaka 1808 mwanakemia Humphry Davy akakitenga kitu hicho London. Ndiyo strontiamu, namba 38 katika jedwali la elementi. Kila darasa la kemia duniani linataja pua ya kilima cha Kigaeli, na mwalimu hajui.

Nimesema majini kwa kukosa neno jingine. Sìth ni kilima wanamokaa ndani watu wasioonekana, wazuri wa sura na wepesi wa kukasirika, wanaoweza kumchukua mtu kwa usiku mmoja akatoka akakuta wajukuu wake wamezeeka. Sìdh Chailleann, ambao ramani zinauandika Schiehallion, mita 1,083, ni Kilima cha Majini cha Wakaledoni, watu waliokuwa wakiishi huko enzi za Warumi. Mwaka 1774 mwanafalaki Nevil Maskelyne alikwenda kupiga kambi kwenye mbavu za mlima huo kupima jinsi uzito wake unavyovuta timazi, ili kutoka hapo ipatikane hesabu ya uzito wa dunia nzima. Mwanahisabati Charles Hutton alipokuwa akitafuta ukubwa wa mlima kutokana na vipimo hivyo, aliunganisha kwa mstari sehemu zenye kimo kimoja. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufanya hivyo. Mistari ya kontua ninayoifuata kwa kidole kila wiki inatoka, kwa sehemu, kwenye kilima cha majini.

Nilisema mwili, na sijamaliza. Kuna fèith. Fèith ni mshipa. Kwenye ramani ni maji yanayokwenda taratibu ndani ya tope, kwenye ule udongo mweusi wa huku uliotokana na majani yaliyooza kwa maelfu ya miaka, ambao watu wa Lewis huukata kama matofali, wakauanika na kuuchoma badala ya kuni. Mwezi Mei mwaka jana nilikuwa na mwenzangu wa kazini kwenye nyanda za Am Monadh Liath. Tulichoka, tukataka kukata njia. Kwenye ramani, mbele yetu, kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu na jina refu linaloanza na Fèith. Nililiona jina. Nikaona pia nyasi laini za kijani kibichi, nikaona hapa pazuri kuliko mawe. Hatua ya nne mguu wa kulia ulizama hadi pajani. Haukugusa chini. Baridi ile si ya maji tu, ni baridi inayonyonya. Kadiri nilivyovuta ndivyo ilivyoshika. Mwenzangu alilala kifudifudi akaninyooshea mkongojo wa kutembelea, na tulitumia muda mrefu, bila kusemezana, kuutoa mguu huo. Buti lilitoka. Soksi ilibaki nusu.

Jumatatu nikamsimulia bibi. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja: "Jina ulikuwa umeliona?" Nikasema nililiona. "Basi walikuambia," akasema.

Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo. Walikuambia. Majina haya hayakutungwa na mtu aliyekaa kwenye kiti akitafuta kitu cha kupendeza. Ni watu waliokuwa na ng'ombe, waliokuwa wakipoteza ndama kwenye tope, waliohitaji kumwambia mtoto wa miaka kumi: pitia hapa, usipitie pale, jike yuko ng'ambo ya kilima cha rangi ya moto. Kwa hiyo rangi nazo si pambo, na ukizifasiri haraka haraka kwa kamusi utakosea.

Chukua gorm. Kamusi itakuambia ni buluu, na An Càrn Gorm, mita 1,245, ambao umevipa jina la Kiingereza vilele vyote vya Cairngorms, ni Lundo la Buluu. Lakini majani mabichi nayo ni gorm. Uaine nayo ni kijani, ila kijani kikali kisicho cha kawaida, kama cha An Lochan Uaine karibu na Glenmore, ziwa dogo ambalo husemekana majini hufulia humo nguo zao. Glas ni kati ya kijivu na kijani, rangi ya mteremko wenye nyasi chache na mawe mengi. Liath ni kijivu kinachoelekea buluu, rangi ya mvi. Nyekundu ni mbili: dearg ni ya damu, ruadh ni ya paa, ya mbweha, ya nywele za mtu mwenye nywele nyekundu. Ukisema tu "nyekundu" umepoteza tofauti ambayo mchungaji alikuwa akiitegemea. Sisi tunaosema kijivu kwa kutazama jivu na kijani kwa kutazama majani tunapaswa kuelewa haraka: rangi inatoka kwenye kitu, si kwenye kopo.

Na watu wa huko hawakuviita vilele vile Cairngorms. Waliviita Am Monadh Ruadh, Nyanda za Juu Nyekundu. Simama kwenye bonde la mto Spey jioni. Upande mmoja una graniti inayokuwa na wekundu pale inapochubuka. Upande wa pili una mawe mengine kabisa, na ndio Am Monadh Liath, Nyanda za Kijivu, zilizokula soksi yangu. Bonde moja, kuta mbili, rangi mbili. Majina hayo mawili hayana maana moja bila jingine, na nadhani Kiingereza kilipochukua kilele kimoja kukifanya jina la safu nzima, kilivunja jozi.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi ya hilo. Ndani ya Am Monadh Ruadh kuna kilele kikali cheusi cha mita 1,004, Bod an Deamhain. Maana yake ni Uume wa Shetani, wala si fumbo. Kwenye Kiingereza kimeandikwa Devil's Point, Ncha ya Shetani, na inasimuliwa kwamba Malkia Victoria aliuliza maana ya jina akapewa tafsiri iliyovalishwa nguo. Baadaye mpanda milima Alexander Copland akaona Shetani asibaki peke yake, akakipachika kilele cha jirani jina Angel's Peak, Kilele cha Malaika. Kilele hicho kilikuwa na jina lake siku zote: Sgòr an Lochain Uaine, Kilele cha Kiziwa cha Kijani. Ukienda huko na jina la zamani unajua kuna maji chini yake, na rangi yake. Ukienda na malaika, huna habari yoyote. Nilipomwuliza bibi kama kuna aibu kulitamka lile la kwanza, alilitamka kwa sauti iliyofika kwenye korido, akaongeza kwamba watu wanaoishi na mafahali hawana muda wa haya kama hizo.

Nimesoma jinsi majina yalivyofika kwenye karatasi. Katika karne ya 19 wapimaji wa Ordnance Survey, shirika la ramani la serikali, wengi wao wanajeshi, walizunguka nyanda hizi na vitabu vya majina. Kwa kila jina waliandika tahajia, mahali, maelezo mafupi, na majina ya watu waliothibitisha. Ni kazi kubwa na ninaishukuru; bila hiyo mengi yangepotea. Lakini wengi hawakujua Kigaeli, na ushahidi uliopewa uzito ulikuwa wa mwenye ardhi, mchungaji wa kanisa, mwalimu. Mchungaji wa ng'ombe alikuja nyuma. Na wachungaji wenyewe walikuwa wamepungua: kwa karibu miaka mia wenye ardhi walikuwa wakiwaondoa watu mabondeni ili kuweka kondoo, na familia nzima nzima zilikuwa zimeshapanda meli kwenda Kanada na kwingineko. Mpimaji alifika kwenye mabonde ambayo waliokuwa wakiyaita kwa majina walikuwa ng'ambo ya bahari. Kila nikiona kwenye ramani kijito kisicho na jina katika bonde lenye magofu, huwa najua si kwamba hakikuwa nalo.

Leo kuna chombo kinachoitwa Ainmean-Àite na h-Alba, chenye ofisi katika chuo cha Kigaeli cha Sabhal Mòr Ostaig kisiwani Skye, kinachotafiti majina haya na kuyarudishia tahajia zake. Stesheni ya treni hapa ina kibao cha lugha mbili. Chini ya Fort William pameandikwa An Gearasdan, Ngome ya Askari. Sensa ya 2022 ilihesabu watu takriban 130,000 wenye ujuzi fulani wa Kigaeli, katika nchi ya watu zaidi ya milioni tano.

Nimeacha maji mwishoni kwa sababu maji ndiyo ninayoyapenda.

Abhainn ni mto. Eas ni maporomoko. Steall ni maji yanayomwagika kama kutoka mdomo wa birika, na juu ya bonde la Nibheis kuna An Steall Bàn, Mmiminiko Mweupe, wa karibu mita 120, ambao unauona mbali kabla hujafika kwenye daraja la nyaya tatu. Inbhir ni mahali mto unapomwaga: Inbhir Nis, mdomo wa mto Ness, ndiyo Inverness. Feadan ni kijito chembamba, na ni jina lile lile la kipande cha zumari ya Kiskoti chenye matundu ya vidole.

Neno la kawaida kuliko yote ni allt, kijito cha mlimani. Lina historia ninayoipenda. Katika Kiayalandi cha kale alt lilikuwa mwinuko, genge. Huko Wales hadi leo allt ni mteremko wa kilima. Hapa Uskoti tu neno liliteleza kutoka ukuta wa korongo hadi kwenye maji yaliyo chini yake. Kinachotoka chini ya uso wa kaskazini wa Ben Nevis ni Allt a' Mhuilinn, Kijito cha Kinu. Muileann ni kinu cha kusagia, na tazama m yake ilivyogeuka mh. Kinu hakisagi tena, lakini maji hayo hutumika kwenye kiwanda cha wiski kilicho chini, ambacho kimekuwepo tangu 1825. Wiski yenyewe ni uisge beatha, maji ya uhai, iliyokatwa mkia.

Mwezi Agosti bibi aliugua kidogo, na siku za homa alizungumza zaidi juu ya àirigh. Àirigh ni malisho ya kiangazi pamoja na kibanda chake. Mimea ikishapandwa kijijini, ng'ombe walipelekwa mbali nyikani wasije wakaila, na wanawake, wasichana na watoto walikwenda nao, wakakamua, wakatengeneza siagi na jibini huko huko. Kule Lewis jambo hilo liliendelea hadi yeye akiwa msichana. Kitanda kilikuwa cha fraoch, kile kichaka kifupi chenye maua ya zambarau, kilichopangwa vichwa juu ili kilalike. Alikumbuka harufu yake. Alikumbuka kwenda pekupeku, na ndoo ya maziwa iliyofunikwa kwa ngozi. Na alisema usingizi wa àirigh ulikuwa na sauti ndani yake, lakini hakusema sauti gani.

Hapa bara majina yenye àirigh au ruighe ni mengi, na nilitafuta moja la karibu. Nilikwenda peke yangu Jumapili moja ya mwanzo wa Septemba. Saa mbili za kupanda, mlima wote rangi ya kahawia na zambarau, halafu ghafla kipande cha kijani, kikubwa kama uwanja wa shule, kama mtu ametandika mkeka. Ni samadi. Ng'ombe waliolala hapo kiangazi baada ya kiangazi waliirutubisha ardhi, na mpaka leo nyasi zinawakumbuka. Katikati kulikuwa na mawe yaliyopangwa, yanafika gotini, pembe zake za mviringo, mlango umetazama mashariki. Niliketi ndani. Chumba kinatosha watu watatu wakilala wamebanana.

Nikasikia maji. Nilitazama kila upande sikuona kijito. Ramani haikuwa na mstari wowote wa buluu hapo. Nikafuata sauti kwa magoti, nikatenganisha fraoch kwa mikono yote miwili, na chini yake, kwenye mfereji mwembamba usiozidi upana wa kiganja, maji meusi yalikuwa yakipita, yakijisemea. Hatua mbili pembeni usingejua yapo. Niliweka simu kati ya mizizi nikarekodi dakika mbili.

Siku iliyofuata nilimaliza kumpa dawa, nikamwambia nina kitu. Nikaiweka simu kwenye mto karibu na sikio lake zuri, la kushoto. Alifumba macho. Baada ya muda nikamwuliza kwa sauti ndogo, "Ni allt, Bibi?"

"Hapana," akasema. "Caochan."

Caoch ni kipofu. Caochan ni maji kipofu, kijito kidogo kiasi kwamba mimea imekifunika na huwezi kukiona, unakisikia tu. Nililirudia. Akanisahihisha ch ya katikati, nikarudia tena, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaweka mkono juu ya simu nisiichukue, akaniambia niianze upya tangu mwanzo.